Maiti wa Marburg: Kumtayamamisha si kumvunjia heshima

 

Ndugu msomaji, wiki hii nimeona tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoishi mijini hulisikia katika taarifa ya habari, tukasikitika kidogo, kisha tukabadilisha stesheni. Nalo ni maradhi ya Marburg, ambayo yameingia mkoani Kagera mara mbili ndani ya muda wa miaka miwili. Mara ya kwanza yalitangazwa Machi 21, 2023 katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Mara ya pili yalitangazwa Januari 20, 2025 katika Wilaya ya Biharamulo. Milipuko yote miwili ilikwisha, alhamdulillah. Wa kwanza ulitangazwa kumalizika Juni 2, 2023 na wa pili Machi 13, 2025. Lakini lipo swali ambalo mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne, ambaye kwao ni Muleba, aliniuliza katika kipindi cha Maarifa ya Uislamu, na swali hilo halikwisha pamoja na ugonjwa. Kwa kuwa nimeulizwa hilo hilo msikitini zaidi ya mara moja, nimeona nilijibu hapa kwa faida ya wengi.

Aliuliza hivi: Mwalimu, baba yangu akifariki kwa Marburg, na watu wa afya wakamtia kwenye mfuko na kunikataza kumuosha, nikubali? Na nikikubali, mbele ya Allah nitakuwa nimemtupa baba yangu?

Darasa zima lilinyamaza. Ni swali la kijana anayempenda baba yake na anayeipenda dini yake, wala haifai kumjibu kwa kumwambia tu kwamba serikali imeagiza. Mwislamu huambiwa hukumu pamoja na dalili yake.

Tuujue ugonjwa kwanza

Wanazuoni wa Usul wanatufundisha kuwa huwezi kulitolea hukumu jambo usilolifahamu. Kwa hiyo tuanze na ugonjwa wenyewe.

Marburg ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, na wengine huko Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Waliougua walikuwa 31 na waliofariki 7. Wale wanaouita ugonjwa wa watu wa Kagera wajue kwamba ulipata jina lake Ulaya. Virusi vyake ni ndugu wa virusi vya Ebola, na wanaovibeba porini ni popo wala matunda wanaokaa mapangoni na migodini. Popo mwenyewe haugui.

Sasa itazame ramani. Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na upande wa mashariki lipo Ziwa Viktoria lenye visiwa vya wavuvi. Mtu anaamka Bukoba, anafanya biashara Mutukula, na jioni yuko nyumbani. Mwingine anavuka Rusumo na lori la mahindi. Popo ndiyo kabisa, haulizwi hati ya kusafiria. Uganda ilipata Marburg mwaka 2007 kwa wachimbaji wa mgodi wa Kitaka. Rwanda ilitangaza ugonjwa huo Septemba 27, 2024. Wakaugua watu 66 na wakafariki 15, wengi wa wagonjwa hao wakiwa ni wahudumu wa afya.

Ugonjwa huanza kwa homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana na mwili kulegea. Kisha hufuata kuharisha na kutapika, na kwa wengine damu hutoka sehemu mbalimbali za mwili. Siku za mwanzo ni vigumu kuutofautisha na malaria au homa ya matumbo. Toka mtu apate virusi mpaka aanze kuumwa hupita siku 2 hadi 21. Kabla hajaanza kuumwa hamwambukizi mtu. Tena hauambukizi kwa hewa kama mafua. Unaambukiza kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa, au nguo na shuka zilizolowa majimaji hayo. Hakuna chanjo wala dawa iliyokwisha kuidhinishwa rasmi kwa ajili yake, ingawa mgonjwa anayewahishwa hospitali, akapewa maji ya kutosha na matibabu ya dalili zake, nafasi yake ya kupona ni kubwa zaidi.

Kisha lipo hili ambalo ndilo kiini cha swali la kijana wetu. Mwili wa aliyekufa kwa Marburg au Ebola haupoi kwa maana ya maambukizi. Mgonjwa anapofariki ndipo virusi vinapokuwa vingi mno mwilini mwake, nje ya ngozi na katika kila kimiminika kinachotoka. Na sisi Waislamu tunamfanya nini maiti wetu? Tunamvua nguo, tunambonyeza tumbo kwa upole ili kilichobaki kitoke, tunamsafisha tupu mbili, tunamuosha mara tatu, tano au zaidi, tunamfuta, tunamtia karafuu maiti, na wanaompenda wanambusu kwenye paji la uso. Kila hatua ni ya heshima, na kila hatua hapo ni mlango wa ugonjwa.

Hili halikubuniwa na maadui wa Uislamu. Katika mlipuko mkubwa wa Ebola wa Afrika Magharibi, ulioanza Guinea na kudumu mpaka 2016, waliugua watu zaidi ya 28,000 na wakafariki zaidi ya 11,000. Guinea na Sierra Leone ni nchi ambazo Waislamu ndio wengi. Takwimu za Wizara ya Afya ya Guinea za Agosti 2014 zilionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya wagonjwa wa nchi hiyo walihusishwa na mambo ya maziko. Walioosha ni Waislamu na waliooshwa ni Waislamu, na siku chache baadaye walioosha nao wakawa wa kuoshwa.

Kwa upande wetu huku, mwezi Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alifariki kwa Ebola huko Kasese, Uganda. Familia yake ilikuwa imevuka mpaka kutoka Congo, ambako babu yake alikuwa ameugua na kufariki na wao wakawa pamoja naye katika msiba. Baada ya mtoto huyo walifariki mdogo wake na bibi yake. Msiba mmoja ulizaa mingine mitatu.

Fiqhi inasemaje

Kumuosha maiti Mwislamu ni faradhi ya kutosheleza. Wakiifanya baadhi, wengine huondokewa na dhima, na wakiiacha wote hali wanaweza, wote wamepata dhambi. Hakuna anayebishana katika hilo. Swali ni je, tukishindwa?

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyosomea Shafii hapa pwani na bara, ameeleza katika al-Majmu' kwamba maiti ikishindikana kumuosha kwa kukosekana maji, au akiwa ameungua kiasi kwamba akioshwa atanyofoka, haoshwi bali anatayamamishwa. Kisha akaongeza mfano ambao naomba msomaji autulie. Ametaja maiti aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, ambaye akioshwa mwili utanyofoka, au anachelewa kuoshwa kwa kumhofia muoshaji. Huyo naye hutayamamishwa. Nawawi alifariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277. Hakupata kuiona hadubini wala kumsikia daktari wa Biharamulo. Lakini aliliona jambo lenyewe, kwamba uhai wa muoshaji una uzito katika sheria kuliko maji juu ya maiti.

Asili ya jambo hili imo katika Sunna. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha mtu aliyepigwa jiwe kichwani safarini, kisha akaota na ikamlazimu kuoga. Akawauliza wenzake kama wanamuonea ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hapana, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) hakuwasifu kwa msimamo wao mkali. Alisema kwa ghadhabu kwamba wamemuua, na akawalaumu kwa kutouliza jambo wasilolijua. Wanazuoni wamezungumza juu ya baadhi ya maneno ya mwisho ya hadithi hii, ila msingi wake wameukubali na kuutumia. Basi tuwe waangalifu. Anayesimama kwenye msiba na kupiga kelele kwamba lazima maiti aoshwe kwa maji, Allahu a'lam, anaweza kuwa amewaua watu kwa ulimi wake huku akidhani anaitetea dini.

Wapo watakaouliza: Hata tayamamu si inahitaji kumgusa uso na mikono? Kweli. Ndiyo maana hufanywa na mtu mmoja au wawili waliofundishwa, waliovaa mavazi kamili ya kinga, na kazi yenyewe haichukui dakika mbili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2014 mwongozo wa maziko salama na yenye heshima kwa waliokufa kwa Ebola au Marburg, baada ya kushauriana na taasisi za Kiislamu na za Kikristo, na kwa upande wa Waislamu mwongozo huo umetaja tayamamu na sanda nyeupe. Kwa hiyo siku ikifika usiombe tu kuruhusiwa. Uliza: Katika timu yenu ya maziko yumo Mwislamu? Kama hayumo, tunaye kijana wetu, mfundisheni na mvisheni. Hiyo ni haki ya maiti, na kudai haki kwa utulivu si uasi.

Na ikiwa hata tayamamu haikuwezekana, mfuko umeshafungwa na kufunguliwa ni hatari? Hapa madhehebu yana maneno. Wapo katika Mashafii waliosema kwamba asiyetoharishwa hasaliwi. Wengine, na ndilo ninalofundisha, wamesema anasaliwa, kwa kanuni ya kifiqhi kwamba unaloliweza halikuondokei kwa sababu ya lile usiloliweza. Umeshindwa kumuosha, basi msalie. Umeshindwa kumsogelea, simama mbali na umsalie. Umezuiwa kufika kwa kuwa uko karantini, Mtume (s.a.w.) aliwasalisha masahaba Swala ya maiti kwa ajili ya Najashi aliyefia Habasha, na alikwenda kuswali kwenye kaburi la yule aliyekuwa akisafisha msikiti, aliyezikwa usiku bila yeye kupewa habari. Kwa Mashafii milango yote miwili iko wazi.

Narudi kwa kijana. Baba yako hakutupwa. Imo katika Bukhari na Muslim kwamba anayekufa kwa tauni amehesabiwa miongoni mwa mashahidi, na kwamba anayekufa kwa maradhi ya tumbo naye ni shahidi. Wanazuoni wengi wametaraji fadhila hiyo kwa kila Mwislamu anayekufa katika maradhi ya namna hii akiwa na subira. Ni kweli kwamba shahidi wa aina hii, kinyume na yule wa vitani, asili yake ni kuoshwa. Ila cheo chake hakikutokana na maji, na hakitapungua kwa kukosa maji.

Qadar haipingani na tahadhari

Upo ugonjwa mwingine kando ya Marburg, nao ni ule wa mtu mzima na kanzu yake kusema kwamba mwenye kuandikiwa atakufa tu, basi tuache woga. Maneno haya yana sura ya tawakul. Tuyapime kwa waliotutangulia.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alitoka Madina kwenda Sham. Alipofika Sargh alipokewa na makamanda wa jeshi, akiwemo Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.), wakamwambia kwamba tauni imeingia Sham. Umar hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wakahitilafiana, akawaita Ansari wakahitilafiana, akawaita wazee wa Kikuraishi wakakubaliana kwamba arudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akasema angependa maneno hayo yasemwe na mtu mwingine, kisha akamjibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allah kuelekea qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wenye majani na upande mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa qadar. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) na hadithi aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.).

Angalia mambo mawili hapa. Hadithi ilikuwepo, lakini wengi wa masahaba wakubwa waliokuwa pale hawakuwa nayo. Walipata jibu sahihi kwa kushauriana, kisha hadithi ikalithibitisha. Na pili, hadithi ina pande mbili. Sisi watu wa mjini tunaupenda upande wa kwanza, wa kutokwenda. Upande wa pili, wa kutotoka, ndio mzito. Abu Ubayda alibaki Sham na watu wake, akafariki katika tauni ile ya Amwas, mwaka wa 18 Hijria. Akashika uongozi Muadh bin Jabal (r.a.), naye akafariki. Alipochukua Amr bin al-As (r.a.) aliwaamuru watu watawanyike milimani, na habari zinasema Umar hakulichukia jambo hilo.

Utasikia pia mtu akileta hadithi inayosema hakuna maambukizi. Haleti sehemu yake nyingine, ambapo Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwenye ngamia wazima. Wanazuoni wamezikusanya kwa kusema kwamba kinachokanushwa ni itikadi ya kijahiliya kuwa ugonjwa unaambukiza kwa nguvu zake wenyewe. Sababu zipo, na aliyeziweka ni Allah. Mwenye ukoma alipokuja katika ujumbe wa Thaqif kutoa bai'a, Mtume (s.a.w.) alimtumia ujumbe kwamba bai'a yake imekubaliwa na arudi. Hakumgusa mkono, na wala hakumnyima haki yake. Nadhani hakuna mfano bora wa jinsi ya kuishi na mgonjwa aliyetengwa: haki yake inamfikia alipo.

Hata ibada ya kukusanyika wenzetu wa zamani waliitazama. Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fat-hul Bari, aliandika kitabu kizima juu ya tauni baada ya tauni kumchukulia mabinti zake. Ameeleza humo kwamba mwaka 833 Hijria watu wa Cairo walitoka jangwani kwa wingi kuomba dua, na waliokuwa wakifa walikuwa chini ya arubaini kwa siku. Haukupita mwezi wakazidi elfu kwa siku. Huyo ni imamu wa hadithi akiandika, na hakuna atakayemshuku kwamba alikuwa anaidharau dua.

Kuficha mgonjwa, na kuficha habari

Katika mlipuko wa Bukoba Vijijini waliougua ni 9 na waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, akaugua baada ya kurudi kijijini, na baada yake wakafariki watu wa familia yake. Biharamulo ilikuwa mbaya zaidi. Walihesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa. Wote 10 walifariki, na wanane kati yao walifariki kabla ugonjwa haujathibitishwa. Maana yake ni kwamba waliowauguza hawakuwa na jina la kitu walichokuwa wakikabiliana nacho. Linganisha na Rwanda, ambako kati ya wagonjwa 66 walipona 51. Tofauti hiyo ina sababu kadhaa, lakini mojawapo ni kwamba wengi walipatikana mapema na wakawa tayari wako mikononi mwa madaktari.

Kwa nini watu wanaficha? Kwa sababu wanaogopa kunyoshewa vidole. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa mkoa ule wanakumbuka jinsi ugonjwa ulivyoitwa Juliana na jinsi Mhaya alivyotazamwa kila aendako. Aliyewahi kuitwa jina baya hatajitokeza mara ya pili kwa hiari. Basi wewe unayemuuliza jirani yako aliyetoka Bukoba kwa kebehi kama amekuja na popo, unamfundisha kuficha, na madhara ya kuficha kwake yatakurudia wewe.

Lakini tuwe waadilifu. Hata wakubwa wanaweza kuficha au kuchelewa. Januari 14, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kushukiwa Marburg Kagera. Wizara ikajibu kwamba vipimo havikuonyesha. Januari 20, Rais akatangaza Dodoma, Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo akiwa pembeni yake, kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Inawezekana vipimo vya kwanza kweli havikuonyesha kitu, hayo hutokea. Hata hivyo wananchi wanaokumbuka jinsi takwimu za korona zilivyosimama kutolewa mwaka 2020 hawawezi kulaumiwa wakitilia shaka. Qur'an (4:83) inawalaumu wanaoeneza kila habari ya amani au ya khofu, na inataka irudishwe kwa Mtume na wenye mamlaka ili wenye uwezo wa kuichambua waijue ukweli wake. Aya hiyo inamfunga mdomo mwenye kusambaza uvumi kwa simu. Na inamtaka mwenye mamlaka awe mtu ambaye habari ikirudishwa kwake inapata majibu ya kweli, na kwa wakati.

Sisi wa mjini tunahusikaje

Msomaji wa Kariakoo, Ilala au Mwanza asiseme Biharamulo ni mbali. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana vina kazi moja kubwa, kukodi gari na kusafirisha. Maiti anatoka Dar es Salaam kwenda kuzikwa kwenye migomba ya kwao zaidi ya kilomita 1,300, na simu ya msiba ikitoka kule, basi linajaa watu wa kwenda. Desturi hii ni njema na Allah awalipe wanaoisimamia. Lakini katika siku za mlipuko ndiyo inayobeba ugonjwa kutoka kijiji kimoja mpaka mkoa mwingine. Chama kiweke katika kanuni zake, sasa hivi kabla hakujawa na msiba, kwamba eneo likitangazwa kuwa na Marburg au Ebola hakuna safari. Fedha ya nauli itumwe kwa wafiwa, maana ndio wanaoihitaji wakiwa wamefungiwa ndani siku 21 bila kwenda shambani wala sokoni. Mtume (s.a.w.) aliamuru familia ya Jafar itengenezewe chakula walipofikwa na msiba. Siku hizi chakula hicho kinaweza kwenda kwa njia ya simu.

Aliyetoka eneo lenye ugonjwa na akapata homa ndani ya siku 21, aseme. Apige simu 199 ya Wizara ya Afya, haitozwi, na amwambie mhudumu wa kwanza atakayemuona kwamba ametoka wapi, kabla hajaguswa. Mhudumu yule naye ana watoto nyumbani. Kunyamaza ili usichelewe foleni ni kumdhuru mtu asiyejua.

Na waosha maiti wetu, wale wazee na mama zetu wanaoamshwa saa nane za usiku na hawadai malipo, nani anawanunulia glavu? Misikiti mingi ina kapeti jipya na spika za bei kubwa, lakini sanduku la kuoshea maiti lina sabuni ya kipande, ndoo na kitambaa. Hata pasipo Marburg kuna homa ya ini na mengineyo. Kamati ya msikiti iwanunulie glavu za kutosha, aproni ya plastiki, viatu vya mpira, kinga ya macho na klorini, na iwaite wataalamu wa wilaya waje kuwafundisha nusu siku. Pia iwaambie waziwazi kwamba wana haki ya kuuliza maiti amekufa kwa ugonjwa gani na ametoka wapi, na kwamba wakikataa kuosha kwa khofu ya kweli wala hakuna daktari aliyewahakikishia usalama, hawatatukanwa.

Limebaki jambo moja ambalo sijalisikia likizungumzwa, nalo ni mirathi. Maradhi haya yana tabia ya kuchukua watu wa nyumba moja katika wiki moja. Chukua mfano wa mzee mwenye shamba, ambaye ana watoto wawili wa kiume. Mzee akifariki Jumatatu na mwanawe mmoja akafariki Jumatano, mwana yule amemrithi baba yake, na fungu lake linakwenda kwa mkewe na watoto wake. Lakini isipojulikana nani alitangulia, kwa kauli ya Mashafii na wengi wa wanazuoni hawarithiani. Imepokewa kwamba hivyo ndivyo Zayd bin Thabit (r.a.) alivyogawa mirathi ya waliokufa katika tauni ya Amwas. Mahanbali wana kauli tofauti. Kwa kauli hiyo ya wengi, mjane wa yule kijana hapati kitu katika shamba la mkwewe, na watoto wake wanazuiwa na ami yao aliye hai, isipokuwa mzee awe ameacha wasia. Shamba lile lile na watu wale wale, tofauti ni saa chache ambazo hakuna aliyeziandika. Kwa hiyo ndugu aliyebaki nje ya karantini achukue daftari, na kila taarifa ya kifo inapotoka kituoni aandike jina, tarehe na saa, amtaje aliyempa habari, na aombe karatasi ya kituo cha afya yenye tarehe na saa hizo kabla kituo hakijafungwa na wahudumu kutawanyika.